Kima, Papa na Kakakuona wa Texas

Rafiki yangu mmoja anafundisha Kifaransa wilayani Kisarawe. Jumamosi moja alishuka kwangu na flashi mfukoni, akaniambia, "Hebu fungua, ndugu yangu, uone nilichookota." Ndani mwake mlikuwa na kozi nzima ya Kifaransa: sarufi, msamiati, mazoezi, sauti za wazungumzaji, video za wanafunzi wakiwa Lyon. Kozi hiyo inaitwa Français interactif. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote duniani kuichukua, kuinakili, kuigawa na hata kuibadili, ilimradi awataje walioifanya. Sarufi inayokwenda nayo inasimuliwa kupitia visa vya mnyama aitwaye Tex. Tex ni armadillo, mnyama wa Amerika mwenye gamba gumu mgongoni, ambaye huku kwetu hayupo porini wala katika hadithi.

Mwalimu alipowaonyesha wanafunzi picha yake, darasa zima lilijibu kwa pamoja: "Kakakuona!" Si kakakuona, hata ukoo wao ni mbali, lakini watoto walikuwa wameona magamba na wakatafuta jina katika ghala lao wenyewe. Ndipo rafiki yangu akapata wazo. Kakakuona wetu ni mtabiri. Akionekana kijijini, watu humwekea maji, nafaka na silaha, kisha hungoja waone atakiendea kipi, wajue kama mwaka utakuwa wa mvua, wa mavuno au wa vita. Mnyama huyo ni mwalimu wa wakati ujao. Mvua itanyesha. Mahindi yatakomaa. Hakuna atakayepigana. Wanafunzi wangeweza kukaa mbele ya kakakuona mmoja wa karatasi na kutunga sentensi za wakati ujao kwa Kifaransa mpaka kengele ilie.

Lakini alisita. Aliniuliza, "Sasa mimi nimtoe huyu wao nimweke wetu? Si kazi ya watu hii?"

Nilimwonyesha maneno ya leseni, tukayasoma pamoja. Yanaruhusu. Aliyasoma mara mbili, akakunja uso kama mtu aliyeambiwa achume embe katika shamba ambalo mwenyewe hayupo. Kusita kwake kumenifanya niandike haya. Ruhusa ya kisheria alikuwa nayo. Alichokosa ni kitu kingine, na nadhani kitu hicho tuliwahi kuwa nacho katika mwambao huu, tena kwa wingi, kabla hakijatutoka mikononi.

Tuanze na neno lenyewe. Vifaa vya kujifunzia vinavyotolewa kwa leseni ya namna hii, ambavyo UNESCO ilivipatia jina mwaka 2002 na kuvitolea pendekezo rasmi kwa nchi wanachama mwaka 2019, walimu wengi ninaowafahamu huviita "vitu vya bure". Neno bure lina sura mbili. Embe la bure ni lile usilolilipia. Safari ya bure ni ile uliyokwenda ukarudi mikono mitupu. Kitu kikiitwa cha bure, tayari nusu ya thamani yake imedondoka njiani. Tanzania ilipoanzisha chuo kikuu cha masafa kwa sheria ya mwaka 1992, hatukukiita Chuo Kikuu cha Bure wala Chuo Kikuu Wazi. Tulikiita Chuo Kikuu Huria. Wanafunzi wake, wakiwemo wale wa kituo cha mkoa wa Pwani pale Kibaha, wanalipa ada, kwa hiyo bure halimo. Huria ni suala la uhuru: nani anaruhusiwa kuingia, nani anaruhusiwa kufanya nini akishaingia. Neno hilo limetufikia kutoka Kiarabu, na linabeba ndani yake mtu aliyetoka utumwani. Rafiki yangu alikuwa na kozi ya bure. Huria yake ilikuwa bado haijamfikia.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye hadithi ambayo kila msomaji wa pwani aliisikia utotoni kwa umbo moja au jingine. Kima alifanya urafiki na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao matawi yake mengine yanaangukia baharini, naye anamtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao. Wakifika katikati ya bahari, papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angeliambiwa mapema angelikuja nao, kwani makima huacha mioyo yao nyumbani, juu ya mti. Papa anarudi. Kima anapanda, na hashuki tena.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni ya UMCA, aliiandika hadithi hii Unguja kutoka kwa wasimulizi wa Kiswahili, akaitoa London mwaka 1870 katika kitabu chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Lakini hadithi haikuzaliwa Unguja. Imo katika Panchatantra ya Wahindi, na huko mnyama wa majini ni mamba, na mti ni wa jamii ya mzambarau. Ilipitia Uajemi, ikaingia Kiarabu katika karne ya 8 kwa mkono wa Ibn al-Muqaffa, katika kitabu cha Kalila na Dimna. Huko mamba amekuwa kobe wa majini na mti umekuwa mtini. Ilipovuka bahari kuja kwetu, kobe akawa papa, na mtini ukawa mkuyu, ambao ni nduguye mtini kabisa. Hata matunda yao yanafanana ukiyapasua. Kwa mkuyu huo nadhani hadithi yetu ilipita njia ya Uarabuni kabla ya kutia nanga hapa, ingawa mabaharia wa Kihindi nao walikuwa na midomo.

Tazama kilichobaki na kilichobadilika. Mpango wa hadithi haukuguswa: urafiki, safari, siri, ujanja, mti. Mnyama alibadilishwa kila alipofika pwani mpya, kwa sababu msikilizaji lazima amwogope mnyama anayemjua. Hakuna aliyeandika barua kuomba ruhusa. Lakini pia hakuna aliyejidai kuwa ameitunga. Msimulizi wa pwani aliipokea, akaigeuza, akaipitisha. Kumtoa armadillo na kumweka kakakuona ni kazi ileile aliyoifanya mtu asiyejulikana jina, ufukweni, miaka mingi iliyopita.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hadithi za mdomo si vitabu, na kwamba maandishi yana heshima nyingine. Ni kweli, na ndiyo sababu tunapaswa kuutazama kwa makini utamaduni wa maandishi wa mwambao. Wengi wanadhani uhuru wa kubadili maandishi umekuja na kompyuta.

Mtoto aliyepelekwa chuoni, kabla ya daftari kuenea, aliandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi. Alianza alifu kwa kijiti, akahifadhi, ubao ukaoshwa, akaandika tena. Kurani aliisoma kwa herufi zake zote bila kupunguza wala kuongeza. Huko hapana mjadala, na mwalimu aliyesikia irabu moja imepotoka alimrudisha mwanzo. Mwanafunzi huyohuyo akikua, akaingia katika utenzi, alikutana na adabu tofauti kabisa. Mtunzi wa utenzi kwa desturi hufungua kwa kumtaja Mungu na kueleza kalamu na karatasi aliyoagiza, na anapofika mwisho hujitaja jina, wakati mwingine na jina la baba na mji wake. Kisha humwomba msomaji: ukiona kosa, lisahihishe, pakipungua, ongeza. Lile ombi lilikuwa ruhusa kamili. Wanakili wa Lamu, Pate na Mombasa waliitumia, na ndiyo sababu miswada ya utenzi mmoja hutofautiana beti hapa na neno pale.

Katika shule moja, basi, palikuwa na maandishi mawili: yasiyoguswa na yanayoalika mkono. Mtoto alikua akijifunza tofauti hiyo. Leseni za Creative Commons, ambazo za kwanza zilitoka Desemba 2002, zimejengwa juu ya tofauti hiyohiyo. Ipo inayotaka jina la mwandishi tu. Ipo inayotaka kila kitakachozaliwa kutokana nayo kitolewe kwa sharti lilelile, mtoto afuate ukoo wa mama. Ipo inayokataza biashara. Ipo isiyokubali kubadilishwa. Tofauti kubwa ninayoiona kati ya hizo na utenzi ni mahali ruhusa ilipokaa. Leseni imekaa pembeni, chini ya ukurasa, kwa lugha ya mawakili. Ruhusa ya utenzi ilikuwa ndani ya ubeti, kwa mizani na vina, mtu akaihifadhi pamoja na hadithi. Hakuna aliyeweza kusoma utenzi mpaka mwisho bila kusikia kwamba anaruhusiwa kuusahihisha.

Kwa ufundishaji wa lugha hasa, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Hamziya. Al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, alitunga kasida ya kumsifu Mtume. Sayyid Aidarusi bin Athumani wa mwambao wetu aliitia katika Kiswahili, na katika miswada yake mstari wa Kiswahili hukaa chini ya mstari wa Kiarabu, ubeti kwa ubeti. Msomaji anapanda na kushuka kati ya lugha mbili. Hicho ni kitabu cha kujifunzia lugha ya dunia, kilichotengenezwa na mtu wa hapa, kwa kumbadili mtu wa mbali, na hakikuhitaji kuitwa kitabu cha kiada. Na kuna takhmisi: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anasemekana kuchukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akaongeza mishororo yake mitatu mbele ya kila miwili ya zamani. Ya zamani haikufutwa. Mpya imejengwa juu yake, na msikilizaji mwenye masikio anajua ipi ya nani.

Na wakfu nao. Kitabu kilichowekwa wakfu kiliandikwa katika karatasi yake kwamba hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Ni cha watafutao elimu. Msikiti wa Riyadha mjini Lamu una hazina ya miswada ya Kiarabu, mingine iliwekwa wakfu hivyo, na leo picha zake zinasomeka kwa simu kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza. Wakfu ulikuwa na nguvu ambayo leseni haina: ulimshika mtu dhamiri. Ulikuwa pia na udhaifu wake, kwa sababu kitabu kimoja kinakaa mahali pamoja, na atakaye kukisoma lazima afunge safari.

Mashine ya chapa ilikuja kutibu udhaifu huo. UMCA ilikuwa na chuo chake Kiungani, Unguja, na katika miaka ya 1920 kilihamishiwa Minaki, katika vilima vya Kisarawe. Vizazi vya walimu vilipikwa pale. Chapa iliwapa watoto mia kitabu kilekile, na hilo ni jambo kubwa. Sitaki kulisemea vibaya hata chembe. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Kiunguja kikiwa kimeshachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya shule vikapita mbele ya kamati hiyo kabla ya kutumika. Ninaandika kwa tahajia iliyotoka huko. Lakini palepale haki ya kusahihisha ilihama. Ilitoka mkononi mwa msomaji ikaenda ofisini. Kitabu kikageuka kitu kinachoshuka kutoka juu, na mwalimu akawa mtu wa kukipokea na kukifikisha. Hata leo, fungua ukurasa wa pili wa kitabu chochote cha shule: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili wala kutafsiri bila idhini. Mwanafunzi anayenakili utenzi ameombwa asahihishe, na huyu wa kitabu cha kiada ameonywa asiguse. Usitegemee mikono yao itakua sawa.

Jeraha la zama hizo linaonekana vizuri zaidi kwa mtu mmoja wa mkoa wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa Mzaramo wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichokuwa kinawaandaa maofisa na wafanyabiashara wa Kijerumani. Aliandika kuhusu kuzaliwa, malezi, chuoni, jando, ndoa, ngoma, biashara na maziko ya watu wa pwani, na maandishi hayo ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka Göttingen mwaka 1903. Jina lililokaa kwenye jalada ni la mhariri, Carl Velten. Kwa miaka mingi wasomi walikitaja kitabu hicho kama cha Velten. Mtoro alioa Mjerumani, na alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya kikoloni haikumruhusu. Alifundisha pia Hamburg. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikipita barabara ya Morogoro. Kilikuwa kitabu cha kufundishia lugha ya dunia. Maarifa yake yalitolewa kwa ukarimu, kama msimulizi anavyotoa. Kilichokosekana ni lile sharti dogo la mtunzi wa utenzi, jina mwishoni. Watu wanaosema leseni huria zitawapora Waafrika vilivyo vyao wana sababu ya kuogopa, kwa kuwa yameshatokea. Lakini yalitokea bila leseni yoyote. Leseni nyepesi kuliko zote, ile inayotaka jina tu, ingalimtosha Mtoro kuliko alivyotendewa.

Na sasa sikiliza upande wa pili wa shilingi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo Kiswahili cha Mtoro kimekuwa mali ya umma tangu mwisho wa 1977. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka 1981, bado ina wenyewe. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kibaha anaweza leo kuchukua sura ya Mtoro kuhusu mtoto kupelekwa chuoni, kuirudufu kwenye steshenari yoyote ya Maili Moja, na kuwaambia wanafunzi waitafsiri wao wenyewe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Tafsiri yao itakuwa yao. Wakitaka, wataitoa kwa dunia yote, jina la Mtoro juu na majina yao chini. Sijui zoezi la lugha lililo bora kuliko hilo, na halihitaji bando.

Kibaha ina utamaduni wa tatu ambao haufanani na chuo cha pwani wala na misheni. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianza mradi wao wa pamoja pale, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali. Tunaujua kama Shirika la Elimu Kibaha. Waliokuja walitoka nchi zilizolelewa na mawazo ya Grundtvig, mchungaji wa Denmark aliyetaka shule za watu wazima zisizo na mitihani wala Kilatini, zinazofundisha kwa lugha ya nyumbani na kwa neno lililo hai linalotoka mdomoni. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kwa msaada wa Sweden, na kwa sababu Mwalimu Nyerere aliyapenda aliyoyaona kule, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza hapa mwaka 1975, na Kibaha ina chake. Katika eneo hilohilo imesimama Kibaha Sekondari, shule ya vipaji maalumu, ambayo huchagua na huchaguliwa kwa mitihani.

Neno lililo hai la Grundtvig na simulizi letu chini ya mkuyu vingeweza kuelewana bila mkalimani. Ila Grundtvig alitaka neno hilo liimarishe lugha ya taifa dhidi ya Kilatini cha wasomi, wakati watu wa pwani hawakuwa na vita hiyo. Kwao Kiarabu kilikaa juu, Kiswahili chini yake, katika ukurasa mmoja wa Hamziya, na kila kimoja kilimsaidia mwenzake. Kwa mwalimu wa lugha za kigeni wa Kibaha, mimi namwona Sayyid Aidarusi kuwa kiongozi bora kuliko Grundtvig. Hatulazimiki kuchagua kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya dunia. Tunaweza kuzipanga mistari miwili miwili.

Katika zama za leo ipo mifano inayokwenda upande huo. TESSA, mpango wa vifaa vya walimu ulioanza mwaka 2005 na ambao Chuo Kikuu Huria chetu kilikuwa mshirika wake, una moduli katika Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na ulitarajia tangu mwanzo kwamba kila nchi itazirekebisha. African Storybook, uliotoka Afrika Kusini, unamruhusu mwalimu kuchukua hadithi ya picha, kufuta maneno, na kuandika ya lugha yake. StoryWeaver ya Pratham Books, iliyofunguliwa India mwaka 2015, inafanya vivyo hivyo. Hadithi zinaendelea kuvuka bahari ileile kwa pepo nyingine.

Naona hatari mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi na inaudhi: vifaa vingi vyenye leseni huria hutolewa kama PDF iliyofungwa, ambayo mwalimu mwenye simu janja pekee hawezi kubadili hata koma. Ruhusa ipo, kalamu imefichwa. Anayetoa kitu kwa moyo mweupe atoe na faili linaloweza kuandikwa ndani. Ya pili inanigusa zaidi. Tafsiri nyingi zinazosambaa zinafanywa haraka na mashine au na watu wasiosoma tena walichoandika, na mwalimu anapokuta sentensi iliyopinda anafikiri kosa ni lake. Amelelewa na kitabu kisichoguswa. Anaifundisha sentensi ile ilivyo.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, ambacho nacho ni lugha ya dunia. UNESCO imekipa siku yake, Julai 7. Vifaa huria vya kumfundishia mgeni Kiswahili vilitengenezwa wapi? Kinachosambaa sana mtandaoni ni kozi ya taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia wa Marekani, ya mwaka 1963, mwaka uleule mradi wa Kibaha ulipoanza. Kwa kuwa ni kazi ya serikali yao, haina hakimiliki huko. Ni kozi nzito iliyofanywa kwa uangalifu, na majina ya J. G. Mlela na F. N. Njenga yapo pamoja na la Earl Stevick, jambo ambalo Mtoro hakulipata. Lakini ni Kiswahili cha miaka zaidi ya 60 iliyopita, bila bodaboda, bila kutuma pesa kwa simu. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Wanafunzi wa Kisarawe wanaojifunza Kifaransa kwa video za Texas wangeweza kuwarekodi bibi zao wakieleza, kwa Kiswahili na kwa Kizaramo, jinsi ya kusuka ukili au kupika bada, na mwanafunzi wa Lyon akajifunza kwao. Simu wanazo. Bibi wapo, kwa sasa.

Rafiki yangu hatimaye alimweka kakakuona. Muhula uliofuata yeye na mwenzake wa Kibaha walijaribu kitu kikubwa zaidi: hadithi ya kima na papa, iandikwe upya na wanafunzi kwa Kifaransa, mstari wa Kiswahili juu, wa Kifaransa chini. Nilialikwa Kibaha siku ya kusoma. Kisarawe haina bahari, na papa wanamjua akiwa amekaushwa, sokoni. Walimwacha hivyo hivyo. Wa Kibaha walikataa. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, sisi maji yetu yanatoka Ruvu. Papa hayupo Ruvu. Tuweke mamba."

Mwalimu alinitazama. Hakuna hata mmoja katika darasa lile aliyewahi kusikia neno Panchatantra. Wakamweka mamba, na mkuyu wakauhamishia ukingoni mwa mto.

Chini ya ukurasa wa mwisho waliandika ilikotoka hadithi, kadiri nilivyowaeleza, kisha majina yao 11, kisha wakaacha mistari mitatu mitupu. Rafiki yangu alikisoma Kifaransa chao kwa sauti. Akasita kwenye kitenzi kimoja kilichokuwa kwenye umoja badala ya wingi, akachomoa kalamu nyekundu, akaifungua. Kisha akaufunga mfuniko wake, akampa kalamu kijana wa dawati la mbele, na karatasi ikaanza kupita mkono kwa mkono kuelekea nyuma ya darasa.